Miaka Mia Moja ya Mashauriano: Serikali, Wenye Shule na Mwalimu

Utangulizi

Habari za usharika wa Kilutheri katika nchi yetu haziwezi kukamilika pasipo habari za shule. Katika sehemu nyingi za Kaskazini, jengo lile lile lilikuwa darasa siku za juma na nyumba ya ibada siku ya Jumapili. Na mtu yule yule aliyewafundisha watoto kusoma asubuhi ndiye aliyewafundisha wakubwa mafundisho ya ubatizo jioni. Wazee wetu walimwita kwa jina moja tu, "mwalimu", na jina hilo lilibeba kazi zote mbili.

Basi, tunapoadhimisha Yubile ya miaka mia, haitoshi kutaja shule zilijengwa mwaka gani na kwa mikono ya nani. Yafaa pia tujiulize ni akina nani walioketi na kuamua shule hizo zifundishe nini, kwa lugha gani, kwa gharama ya nani na chini ya mamlaka ya nani. Sera ya elimu hutungwa na watu waliokaa mezani, na asiyekuwapo mezani hupelekewa waraka.

Makala haya yanasimulia kwa ufupi habari za meza hiyo, tangu mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam Oktoba 1925 hadi sera iliyozinduliwa Dodoma Januari 2025. Msomaji ataona kwamba Serikali, ya kikoloni na ya kitaifa, ilijifunza mapema kuzungumza na wenye shule. Mwalimu mwenyewe alikaribishwa kwa kuchelewa sana. Ataona pia kwamba kuchelewa huko kumeigharimu nchi, na kwamba Kanisa nalo lina sehemu yake katika jambo hili.

Kabla ya mwaka 1925

Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na shule zilifuata mara moja nyuma ya mahubiri. Katika miaka ya utawala wa Wajerumani hapakuwa na mpango mmoja wa elimu uliozifunga shule zote. Serikali ilikuwa na shule zake chache, zilizofundisha kwa Kiswahili na kuwaandaa makarani, wakalimani na maakida. Misheni zilikuwa na shule zao nyingi zaidi, na kila misheni ilifundisha kwa utaratibu wake. Ilipofika mwaka 1914 shule za Serikali zilikuwa na wanafunzi wapatao 6,000, hali shule za misheni zote kwa pamoja zilikuwa na zaidi ya 150,000. Tarakimu hizo zinaonyesha wazi ni nani aliyekuwa na elimu mikononi mwake.

Upande wetu, mwalimu alitayarishwa Marangu, ambako chuo cha walimu kilifunguliwa mwaka 1912. Vijana waliotoka huko walirudi vijijini na kushika shule, na pamoja na shule walishika kundi. Uzito wa jambo hilo ulionekana baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1920 wamisionari Wajerumani waliondolewa nchini, na sharika zikabaki bila wachungaji wao. Kwa miaka kadhaa walimu pamoja na wazee wa Kanisa ndio waliofundisha, walioongoza ibada na kutunza majengo, wakisaidiwa baadaye na wamisionari wachache wa Sinodi ya Augustana kutoka Marekani. Wamisionari wa Leipzig walipoanza kuruhusiwa kurudi mwaka 1925, hawakukuta magofu. Walikuta Kanisa lililo hai, na waliolihifadhi walikuwa walimu.

Mkutano wa Dar es Salaam, Oktoba 1925

Serikali ya Waingereza ilipopewa nchi hii kuisimamia kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, ilikuta shule nyingi ambazo haikuzijenga wala haikuzigharimia. Swali lilikuwa: je, Serikali izipuuze, izichukue, au ishirikiane na wenyewe?

Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, ilizunguka Afrika Mashariki kuchunguza hali ya elimu. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Mwafrika mmoja, James Aggrey wa Gold Coast, nchi inayoitwa leo Ghana. Naye alikuwa mwalimu. Tume ilipendekeza ushirikiano kati ya Serikali na misheni. Mwaka uliofuata Serikali ya Uingereza ilitoa tamko la sera ya elimu kwa makoloni yake ya Afrika ya kitropiki, lenye mwelekeo huo huo: Serikali isimamie na kukagua, nayo misheni iendelee kufundisha na kusaidiwa kwa ruzuku.

Gavana mpya, Sir Donald Cameron, hakungoja. Mwezi Oktoba 1925 viongozi wa misheni mbalimbali waliitwa Dar es Salaam, wakaketi pamoja na maofisa wa Serikali, akiwamo Mkurugenzi wa Elimu, Stanley Rivers-Smith. Lilikuwa jambo jipya. Misheni zilizokuwa zikigombania mipaka ya maeneo yao zilikutana katika chumba kimoja kuzungumzia mitaala, ukaguzi, mafunzo ya walimu na fedha. Mashauriano ya Serikali na wenye shule katika nchi yetu yanaanzia hapo kwa namna iliyo rasmi.

Matunda yake yalionekana upesi. Sheria ya Elimu ya Waafrika ya mwaka 1927 iliweka kamati ya ushauri ambamo misheni zilikuwa na wajumbe, ikaagiza shule na walimu waandikishwe, na ikaweka utaratibu wa ruzuku kwa shule zilizotimiza masharti. Tangu hapo mwenye shule hakuwa mpita njia tena. Alikuwa na kiti, alipelekewa taarifa, na aliweza kupinga jambo kabla halijawa sheria.

Lakini tuseme kweli yote. Mazungumzo yale yalikuwa kati ya Serikali na misheni. Walimu Waafrika, ambao miaka michache kabla yake walikuwa wamebeba sharika na shule peke yao, hawakuwa na chama chao ambacho kingeweza kualikwa. Aliyesema kwa niaba yao alikuwa mwajiri wao.

Ruzuku na masharti yake

Ruzuku ilikuwa baraka, nayo ilikuja na masharti. Shule iliyoipokea ilipaswa kufuata mtaala uliokubaliwa, kuwa na walimu wenye vyeti na kufungua milango kwa mkaguzi. Shule ndogo za vijijini, zile ambazo mwalimu wake alijua kusoma, kuandika na kufundisha Neno tu, zilibaki nje ya msaada huo. Hivyo mgawanyo ukatokea kati ya walimu wenyewe: wenye vyeti walilipwa vizuri kidogo, na wasio na vyeti waliendelea kutegemea sadaka za washarika na migomba yao.

Sharti lingine lilihusu lugha. Wamisionari wa Leipzig, na hasa Bruno Gutmann wa Old Moshi, waliamini kwamba Injili na elimu vinapaswa kumfikia mtu katika lugha ya mama. Serikali ilitaka Kiswahili, ili nchi nzima iwe na lugha moja ya shule za msingi. Ulikuwa mvutano wa kweli, na kila upande ulikuwa na hoja yake. Mwishoni Kiswahili kilishinda katika shule, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ili kukisanifu. Leo hatuwezi kujutia ushindi huo, kwa maana Kiswahili kimetuunganisha. Hata hivyo, ni vema kukumbuka kwamba uamuzi uliobadilisha lugha ya darasa ulifikiwa na Serikali na misheni, na mwalimu aliyepaswa kuutekeleza kesho yake aliupokea ukiwa umekwisha.

Kuegemea ruzuku kulikuwa na hatari yake pia. Mtikisiko wa uchumi wa dunia ulipotokea miaka ya mwanzo ya 1930, ruzuku zilipunguzwa. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, wamisionari Wajerumani waliwekwa kizuizini, na kwa mara ya pili walimu na wachungaji Waafrika, pamoja na Augustana, wakabaki na mzigo. Wenye kiti mezani waliondoka. Wasio na kiti wakaendelea na kazi.

Mwalimu atafuta sauti yake

Isidhaniwe kwamba walimu walinyamaza. Mwaka 1922, mjini Tanga, Martin Kayamba, aliyelelewa katika shule za misheni ya Kianglikana na kuwahi kufundisha, alianzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali. Mwaka 1929 ilianzishwa African Association mjini Dar es Salaam, na rais wake wa kwanza alikuwa Cecil Matola, mwalimu. Vyama hivi havikuwa vya walimu peke yao, lakini ni dhahiri kwamba mtu aliyeshika chaki ndiye pia aliyejifunza mapema kuandika muhtasari wa mkutano na barua kwa mkuu wa wilaya.

Katika Kanisa letu mambo yalikwenda vivyo hivyo. Stefano Moshi, aliyekuja kuwa askofu na Mkuu wa kwanza wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoundwa tarehe 19 Juni 1963, alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mchungaji. Wengi wa wachungaji wa kizazi chake walipita njia hiyo ya darasani.

Naye Mwalimu Julius Nyerere, akiwa anafundisha Pugu, alijikuta katika njia panda. TANU ilikuwa imeundwa tarehe 7 Julai 1954, na haikuwezekana kwake kuendelea kuwa mwalimu wa shule ya misheni na wakati huo huo kuwa kiongozi wa siasa. Mwaka 1955 akajiuzulu ualimu. Taifa lilipata kiongozi, lakini tukio hilo linafunua hali ya mwalimu wa nyakati zile: akitaka kusema juu ya mambo ya nchi, ikiwamo elimu yenyewe, ilimbidi aiache kazi kwanza.

Uhuru, umoja na ukimya

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, wanafunzi wa shule za msingi nchi nzima hawakufika 500,000. Shule zilikuwa zimegawanyika kwa rangi, na mishahara na masharti ya kazi ya mwalimu wa misheni hayakulingana na ya mwalimu wa Serikali. Serikali mpya ilifanya mambo mawili ya haki upesi. Ilifuta ubaguzi wa rangi katika mfumo wa elimu, na mwaka 1962 ikaanzisha Utumishi wa Pamoja wa Walimu, ili mwalimu awe mwalimu, awe ameajiriwa na misheni au na halmashauri. Mwalimu wa usharika wa mlimani alipata hadhi sawa na mwenzake wa mjini, na huo ni wema usiosahaulika.

Lakini mwaka 1964, baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari, vyama vya wafanyakazi vilivunjwa na badala yake kikawekwa chama kimoja, NUTA, kilichokuwa chini ya mkono wa TANU. Walimu wakawa sehemu ndani ya chama hicho. NUTA ikawa JUWATA mwaka 1978, na JUWATA ikafuatwa na OTTU mwaka 1991. Katika muda huo wote, karibu miaka thelathini, walimu wa Tanzania hawakuwa na chama chao wenyewe. Ni jambo la kutafakari kwamba katikati ya kipindi hicho hicho, tarehe 5 Oktoba 1966, mkutano wa mataifa uliofanyika Paris chini ya UNESCO na Shirika la Kazi Duniani ulipitisha mapendekezo juu ya hadhi ya walimu, yakisisitiza kwamba vyama vya walimu vishirikishwe katika kupanga sera ya elimu. Tarehe hiyo ndiyo inayoadhimishwa tangu mwaka 1994 kuwa Siku ya Walimu Duniani.

Mwezi Machi 1967 ilitoka Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1969 ikapitishwa Sheria ya Elimu iliyoiwezesha Serikali kuzichukua shule zilizokuwa zikisaidiwa kwa fedha za umma. Shule za msingi za misheni, vyuo vya ualimu na shule za sekondari vikawa mali ya Serikali kwa matumizi. Chuo cha Marangu kikaenda. Ilboru, iliyoanzishwa na Walutheri mwaka 1946, ikaenda. Seminari ndizo zilizobaki.

Wazee wengi wa sharika zetu waliipokea habari hiyo kwa moyo uliogawanyika. Walikuwa wamebeba mawe na mbao kwa mabega yao. Hata hivyo ni lazima tuiseme hoja ya Serikali kwa uaminifu. Shule za Kikristo zilikuwa zimewapa watoto wa Kikristo nafasi ambayo watoto wa Kiislamu na wa dini za asili hawakuipata kwa kiwango hicho hicho, na nchi iliyotaka umoja haikuweza kuliacha jambo hilo liendelee. Kwa sehemu kubwa Kanisa liliutambua ukweli huo na halikufanya uadui na Serikali. Vipindi vya dini viliruhusiwa kuendelea shuleni.

Kilichopotea ni kile kiti cha 1927. Shule zilipokuwa za Serikali zote, mwenye shule wa kushauriana naye hakuwapo tena; na mwalimu, ambaye angeweza sasa kusema kwa niaba ya darasa, hakuwa na chama. Hivyo uamuzi mkubwa wa Musoma wa mwaka 1974, wa kuwaandikisha watoto wote shule ya msingi ifikapo mwaka 1977, ulifanywa na Chama na kutekelezwa kwa nguvu ya Chama. Nia ilikuwa njema, na watoto wengi maskini waliingia darasani kwa mara ya kwanza katika ukoo wao. Lakini walimu hawakutosha, na makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba waliwekwa mbele ya wanafunzi huku wakijifunza ualimu kazini. Watu wakawaita "walimu wa UPE", mara nyingi kwa dharau. Dharau hiyo haikuwa haki kwao. Waliubeba mpango ambao hawakuulizwa juu yake.

Kurudi mezani

Dalili za kuchoka kwa mfumo zilionekana mapema. Mwaka 1981 Rais aliunda Tume ya Elimu chini ya Jackson Makweta, nayo ikatoa taarifa yake mwaka 1982 baada ya kukusanya maoni ya watu wengi. Katika miaka ya 1980 shule za sekondari zisizo za Serikali, za jumuiya za wazazi, za dayosisi na za watu binafsi, ziliongezeka hata kuzipita zile za Serikali kwa idadi. Mwenye shule alikuwa amerudi.

Tarehe 21 Februari 1992 Serikali ilitia saini Hati ya Makubaliano na Jumuiya ya Kikristo Tanzania pamoja na Baraza la Maaskofu Katoliki, kuhusu huduma za elimu na afya. Mwaka huo huo ikaundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC, ili makanisa yawe na mlango mmoja wa kuzungumza na Serikali. Kwetu ilikuwa kama kurudishiwa kile kiti. Ieleweke pia kwamba ndugu zetu Waislamu waliyalalamikia makubaliano hayo, wakiona kwamba upande mmoja umependelewa. Malalamiko hayo yanatufundisha jambo: mashauriano yanayomwacha mtu nje huzaa manung'uniko hata pale yanapokuwa na matunda mema.

Hatimaye, tarehe 1 Novemba 1993, kiliandikishwa Chama cha Walimu Tanzania, CWT. Mwaka 1995 ilitoka Sera ya Elimu na Mafunzo, iliyoukubali waziwazi mchango wa mashirika ya dini na watu binafsi. Wamiliki na mameneja wa shule na vyuo visivyo vya Serikali nao walikuwa na umoja wao, uliojulikana kwa kifupi kama TAMONGSCO. Sasa pande zote tatu zilikuwa na jina na anwani: Serikali, wenye shule na walimu.

Gharama ya kutoshauriana

Kuwa na anwani hakumaanishi kuandikiwa barua. Miaka iliyofuata inatoa mifano ya pande zote mbili.

Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001 na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulipoanza mwaka 2002, kamati za shule zilipewa kazi ya kupanga na kusimamia fedha na ujenzi. Wanafunzi waliongezeka kutoka kama milioni 4.4 mwaka 2000 hadi kama milioni 7.5 mwaka 2005. Palikuwa na upungufu mwingi, lakini wazazi walijua fedha zimefika na wakajitokeza kuchimba misingi.

Tofauti na hayo, katikati ya miaka ile ile ya 2000 masomo ya fizikia na kemia katika sekondari yaliunganishwa kuwa somo moja, na mengine yakaondolewa. Walimu walilalamika kwamba hawakuandaliwa wala kuulizwa. Mwaka 2006 Wizara ilipata waziri mpya, Margaret Sitta, ambaye kabla ya hapo alikuwa Rais wa CWT. Mabadiliko hayo yakafutwa na masomo yakarudi yalivyokuwa. Si mara nyingi historia hutoa somo lililo wazi hivyo: mtu aliyetoka upande wa walimu alipokalia kiti cha uamuzi, lililoamuliwa bila walimu halikudumu. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2014 yalitangazwa kwa wastani wa alama uitwao GPA, na mapema mwaka 2016 ikaagizwa madaraja ya zamani yarudi. Wanafunzi waliokuwa darasani katika miaka hiyo ndio waliolipa gharama ya kwenda na kurudi.

Upande wa maslahi, tarehe 30 Julai 2012 CWT iliitisha mgomo wa nchi nzima. Walimu walidai mshahara uongezwe kwa asilimia 100, pamoja na posho za kufundisha na za mazingira magumu. Siku chache baadaye Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, iliamuru mgomo usitishwe. Walimu walirudi darasani, lakini amri ya mahakama haiwezi kufanya kazi ya mazungumzo. Wenye shule nao walipata zamu yao. Serikali ilipokusudia kuweka ada elekezi kwa shule zisizo za Serikali, wamiliki walipinga, wakieleza kwamba gharama za shule hazifanani. Na mwaka 2016 mpango huo ukasitishwa. Katika habari hizi zote tunaona kwamba hoja zilizoamua mambo mwishoni zilikuwa tayari zinajulikana kwa walimu na mameneja tangu mwanzo. Wangeulizwa mapema, zingesemwa mapema.

Sera mpya na swali letu

Katika kuandaa mabadiliko ya karibuni, Serikali ilikusanya maoni kwa upana zaidi. Mwezi Mei 2023 wadau wa elimu, wakiwamo walimu, wamiliki wa shule na taasisi za dini, walikutana Dodoma kujadili rasimu za sera na mitaala. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024, na tarehe 31 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023. Sera hiyo inaweka elimu ya lazima ya miaka kumi, na inaipa elimu ya amali nafasi kubwa kuliko zamani. Tukihesabu kutoka ule mkutano wa Cameron, imepita miaka mia, na meza imekuwa pana.

Lakini historia ya usharika haiandikwi ili kuwahukumu walio mbali tu. Leo Kanisa letu ni mwenye shule tena. Dayosisi zina sekondari, shule za awali na za msingi, vyuo na vyuo vikuu, na katika sharika nyingi mchungaji au mzee wa Kanisa ni mjumbe wa bodi. Sisi ndio tunaoalikwa Dodoma kusema kwa niaba ya shule. Basi na tujiulize: je, tunaposema huko, tumewauliza walimu wetu? CWT wanachama wake wengi wako katika shule za umma. Mwalimu wa shule ya Kanisa mara nyingi hana wa kumsemea ila mwajiri wake, kama alivyokuwa mwalimu wa mwaka 1925. Mshahara unapochelewa, mkataba unapokatishwa, somo linapoondolewa, je, husikia kwanza katika kikao ambacho yumo, au husoma ubaoni?

Kanisa lililodai kusikilizwa na Serikali tangu enzi ya ukoloni haliwezi kwa haki kuwanyima walimu wake kile lilichokidai. Mambo yanayotakiwa si makubwa wala si ya gharama. Walimu wachague mjumbe wao wa bodi wenyewe, asiteuliwe na mkuu wa shule. Mapendekezo ya dayosisi juu ya sera yasomwe kwanza katika chumba cha walimu kabla hayajapelekwa CSSC au Wizarani. Mihutasari ya vikao itunzwe katika ofisi ya usharika, ili watakaoandika kitabu cha miaka mia mbili wapate kujua nani alisema nini. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Nao wengi hao ni pamoja na yule anayeingia darasani kila asubuhi.

Hitimisho

Wazee wetu waliojenga shule hawakuwa na sera. Walikuwa na mwalimu. Wamisionari walipoondolewa mwaka 1920, na tena walipowekwa kizuizini mwaka 1939, ni yeye aliyebaki na ufunguo wa jengo, orodha ya wanafunzi na kitabu cha ubatizo. Serikali tatu zimeitawala nchi hii katika habari tulizosimulia, na kila moja ilimhitaji zaidi ya ilivyomsikiliza.

Tunawashukuru walimu wote waliohudumu katika shule zilizozaliwa na sharika zetu, walioajiriwa na misheni, na Serikali na hata walioajiriwa na sadaka. Shukrani iliyo bora kwao ni kuhakikisha kwamba wanaoshika chaki leo wana kiti mezani, Dodoma, dayosisini na hapa usharikani, kabla uamuzi haujafanywa.